Mwenyekiti anataka kukopa mfuko wa wagonjwa

Tumsifu Yesu Kristo, dada mhazini. Unasema mwenyekiti anaomba mkopo kutoka mfuko wa wagonjwa na misiba wa jumuiya, na watu wameanza kunong'ona.

Usimkopeshe, wala usimkatalie peke yako. Ombi lipeleke kikaoni. Mfuko wa msaada ukianza kukopesha, siku mtu akilazwa pesa iko nje, na mdaiwa ni jirani mnayesali naye, kwa hiyo hakuna anayethubutu kumdai. Wanaotaka mikopo waanzishe kikundi chao cha kuweka na kukopa, chenye daftari lake.

Kisha jilinde. Mtume Paulo hakutaka kuupeleka peke yake mchango wa kuwasaidia waumini wa Yerusalemu. Makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye, ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:19-21). Nanyi chagueni watatu: mmoja ashike sanduku, wawili funguo za makufuli mawili tofauti. Pesa ihesabiwe mbele ya wote kabla ya sala ya kufunga, jumla isomwe kwa sauti, daftarini ziwekwe tarehe, kiasi na sahihi mbili. Asiyetaka ugonjwa wake ujulikane, andikeni “matibabu” na kiasi tu. Na msiweke mfuko kwenye simu ya mtu: ukichanganyika na hela yake ya nauli na vocha, hata mwaminifu atakosa maelezo.

Kiwango cha msaada kipangeni mapema, kimoja kwa mwenye nyumba na mpangaji. Manung'uniko ya Matendo 6 yalianza pale wajane wa upande mmoja waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku.