Mungu hana wivu na daktari

Nansio, Ukerewe

Mama Neema mwanangu,

Barua yako nimeisoma. Unauliza, kama Mungu anaponya kweli, mbona umesali novena, sala ya siku tisa, na uvimbe wa titi bado upo? Halafu wale wa kikundi cha maombi wanataka ufunge siku saba bila hata maji.

Nianze na hilo la kufunga. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga, hata Ijumaa Kuu. Ile saa moja kabla ya komunyo nayo haimhusu mgonjwa wala anayemuuguza. Wewe uko kwenye dripu za saratani hapo hospitali ya Bugando, Mwanza, na baadhi ya dawa zile hupita kwenye figo, zinataka maji ya kutosha. Tena wiki moja au mbili baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka, kijidudu kidogo tu kinakuangusha. Weka kipimajoto kando ya kitanda. Kikisoma 38 au zaidi, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje mkesha uishe. Wala usimeze panado ukalala: homa itajificha huku ugonjwa unaendelea. Mungu hana wivu na daktari. Nabii Isaya alimletea mfalme Hezekia neno kwamba atapona, na bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

Kisha mwite paroko akupe Mpako wa Wagonjwa, ile sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta. Usishtuke kama shangazi yako siku ile ya babu. Kumwona tu padre anashuka kwenye pikipiki, akaangua kilio; majirani wakaanza kuleta mabenchi, mmoja akaulizia bei ya mbao! Padre akamwekea babu mikono kichwani, kimya, akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganja. Babu akafumbua jicho moja: "Nani amekufa?" Akataka mchuzi wa sato, akaula mpaka kichwa. Na mahari yako alikuja kuipokea yeye mwenyewe.

Tangu mwaka 1972 Kanisa limeweka wazi kwamba mpako haungoji mtu akate roho. Unapewa kwa ugonjwa mzito, hata kabla ya upasuaji, na hurudiwa hali ikizidi. Andaa meza, kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Ungama kwanza.

Lakini bibi yako alipakwa mafuta yaleyale, na wiki haikuisha. Basi siwezi kukuambia yanaponya. Wala siwezi kusema hayaponyi. Yakobo katika waraka wake anasema Bwana atamwinua mgonjwa, na bibi aliacha kuhangaika, akalala. Huenda huko ndiko kuinuliwa. Au najifariji tu. Maneno matamu yakikuchosha, soma Zaburi ya 88: inaishia gizani, na bado ni sala.

Kuhusu hao wa kikundi, neno ninalo, tena zito. Ila wewe ni mtu mzima na hao ni rafiki zako, nalimeza. Waambie tu Mungu hana wivu na daktari.

Nitumie tarehe ya dripu inayofuata, nijue siku ya kupanda meli.

Mama yako