Dawa ya mishipa ya fahamu ya mama isikatishwe ghafla

Dada yangu wa Mafinga, umeuliza kama mama yako mwenye kisukari, aliyeandikiwa kidonge chenye gabapentini na nortriptilini kwa ajili ya miguu inayowaka moto na huzuni, anaweza kukiacha kwa kuwa kinamlevya asubuhi.

Tafadhali asikiache ghafla, kwani kufanya hivyo kunaweza kuleta kukosa usingizi, kichefuchefu, wasiwasi na hata degedege. Mrudishe kwa daktari ili, ikibidi, dozi ipunguzwe kidogo kidogo. Kulewalewa huko kwa asubuhi huzidi siku za mwanzo, na nortriptilini hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Kwa hiyo aamkapo akae kwanza kando ya kitanda, miguu ikiwa sakafuni, kabla ya kwenda jikoni, hasa asubuhi za baridi ambapo jiko la mkaa linamsubiri.

Ulanzi nao, najua ni msimu wake, aukatae kabisa: pombe pamoja na dawa hii, au tramado, dawa kali ya maumivu, iliyobaki nyumbani, huweza kudhoofisha upumuaji. Dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu itangulie kidonge hiki kwa angalau saa 2.

Mweleze daktari kama ana ugonjwa wa figo, moyo au presha ya macho. Akianza kusema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.