Madogo mnaoanza na mitumbwi ya kale, acheni kuianika

Juzi nimekuta madogo wa fildi wameegesha ubao uliotoka mtoni barazani, jua linauchoma, eti "ukauke kwanza bro ndo tuupime". Nikapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Ila siwezi kuwalaumu sana, mwenzenu nilishafanya zaidi ya hayo.

1. Mti uliolala majini miaka mingi unashikiliwa na maji. Nyama yake ishaliwa, maji ndo yamekaa badala yake, yakitoka haraka ndani kunajikunja, ubao unapinda unapasuka, na hata uuloweke wiki nzima haurudi. Mi nilijua hilo darasani kabisa. Sasa mzee mmoja mvuvi huko Rufiji kanasa kwenye nyavu kipande cha shetri ya mtumbwi wa kuchonga, kanionyesha kwa kidole alama za tezo, zipo vilevile kama fundi kaondoka jana. Nikakifunga gunia bichi, nikatupa nyuma ya pikapu, safari ya Dar. Mkuranga tukashuka kula chipsi mayai, Mbagala foleni, saa saba mchana, mi niko mbele na kiyoyozi nachati. Kufika, gunia kavu linakwaruza. Nafungua nasikia ta, ta, kama mbaazi zinapasuka juani. Alama za tezo zimefumuka zote. Nikakimwagia ndoo mbili za maji huku najua kabisa namwagia maiti, bosi kasimama mlangoni hasemi kitu, bora angetukana.

2. Mti ukitoka majini ufungeni hivi: nailoni, sponji mbichi, kivuli. Gunia peke yake linayanywa maji ya mti.

3. Sampuli ya kaboni, ya kupima umri wa mti, chukueni kabla ya PEG, ile dawa kama nta inayoingizwa kwenye mti kushika nafasi ya maji. PEG inatokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, kaboni yake ya kale mno, ikishaingia mti unazeeka kwenye karatasi, majibu ya maabara yanauongezea umri.

4. Subira jamani! Meli ya Vasa kule Sweden imeibuliwa 1961, ikapuliziwa PEG miaka 17. Nyie wiki mbili tu mnaniuliza lini unaingia kwenye kabati la kioo. Na ule mtumbwi wa Dufuna, Nigeria, mfugaji kaukuta 1987 akichimba kisima, una miaka kama 8,000, udongo mbichi ndo uliutunza muda wote huo, halafu wewe unaleta jua la Dar.

Yule mzee alikuja mjini baadaye kukiona kipande chake. Akakigeuza, akakinusa, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mlichemshia chai?"