Mbona anga la Mirihi linanitokea buluu?

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Niko Wete, Pemba, kidato cha tano. Nimepakua picha tatu za Opportunity, lile gari la NASA lililotembea Mirihi, kila moja na kichujio chake, kioo kinachopitisha rangi moja tu ya mwanga. Nimezipandanisha kwenye kompyuta kuwa nyekundu, kijani na buluu, rangi zikatoka ovyo. Nikabonyeza kitufe cha kusahihisha rangi, anga likawa buluu kama letu. Kaka yangu anasema NASA ndio wanaotia wekundu. Nifahamishe, ipi ya kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Kilichokuhadaa ni kitufe, na wewe si wa kwanza kulipata anga hilo. Viking 1, chombo cha NASA, ilitua Mirihi tarehe 20 Julai 1976, na picha ya rangi iliyotolewa siku ya pili yake ilikuwa na anga la kibuluu. Wataalamu walipoipima kwa vibandiko vya rangi vilivyofungwa kwenye chombo chenyewe, ikabidi waitengeneze upya, anga likatoka la waridi iliyopauka. Vumbi jembamba linaloelea kule lina chuma kilichopata kutu, nalo hunyonya mwanga wa buluu.

Kitufe chako hudhani kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Kwa picha ya bustani ya Forodhani pengine ni kweli. Mirihi kila kitu ni kutu, basi programu huona wekundu umezidi, ikaukata na kuipandisha buluu.

Lakini picha zako ziliharibika kabla ya kitufe. Zile JPEG za haraka ulizopakua zilivutwa kila moja peke yake: penye giza kabisa pakafanywa peusi, penye mwanga zaidi pakafanywa peupe. Mirihi hurudisha mwanga mwekundu mara kadhaa kuliko wa buluu, na uwiano huo ndiyo rangi yenyewe. Umeshafutwa, hakuna kitufe cha kuurudisha.

Chukua faili zilizosahihishwa kwenye PDS, hifadhi ya NASA ya data za sayari. Hizo zimeshaondolewa namba ambazo kihisi cha kamera hutoa hata gizani, zimesawazishwa kwa kuwa pikseli hazihisi mwanga sawasawa, na zimegawanywa kwa muda ambao kihisi kilipokea mwanga. Kisha huja kazi ninayoiona ngumu kuliko zote. Opportunity ilibeba kibao chenye umbo la saa ya jua, chenye duara za kijivu na vipande vinne vya rangi pembeni, vyote vimepimwa maabara kabla ya safari. Kamera ilikipiga picha mara kwa mara, tofauti ikapigiwa hesabu. Tatizo, vumbi hutua juu ya kibao nacho kikageuka chekundu, kwa hiyo lazima ukadirie na vumbi lenyewe. Curiosity, gari jingine la NASA huko Mirihi, ilitiwa sumaku ndogo chini ya vipande vya kibao chake ili zilikusanye vumbi hilo. Sisi tunaopiga picha kwa droni hapa Unguja nasi hulipiga picha bamba la kijivu kabla ya kurusha, ila letu nalipangusa kwa kitambaa.

Tazama pia namba za vichujio. Kwa jicho la kushoto la kamera chukua 4, 5 na 6, yaani mawimbi ya mwanga ya nanomita 601, 535 na 482. Wengi huchukua 2, 5 na 7. Namba 2 iko 753, karibu nje ya uwezo wa macho yetu. Inafaa kutenganisha miamba, si kujua rangi.

Kuhusu kaka yako: watu wa Curiosity hutoa pia picha zilizosawazishwa kana kwamba zimepigwa kwa mwanga wa duniani, ili wanajiolojia watambue mawe. Ni sawa na kanzu ya bwana harusi chini ya turubai la kijani: picha ya kijani ni ya kweli kwa mwanga ule, ya kanzu nyeupe ni ya kweli kwa kitambaa. Ubaya ni maelezo yakipotea njiani. Sayari ya Neptuni ilipigwa picha na chombo cha NASA, Voyager 2, mwaka 1989, rangi ikakolezwa ili mawingu yaonekane, na ilielezwa hivyo. Maelezo yakasahauliwa, buluu iliyokoza ikabaki vitabuni. Januari 2024 Patrick Irwin wa Oxford na wenzake walionyesha kwamba inakaribiana sana na sayari ya Urani, imezidi ubuluu kidogo tu.

Ukifungua faili za PDS, zidisha kila moja kwa namba iliyoandikwa kwenye lebo yake, kisha tumia mpaka mmoja wa weusi na weupe kwa zote tatu. Kama ni giza, ongeza mwanga kwa pamoja, usiguse rangi moja moja. Lebo ikikushinda, niandikie jina la faili tuitazame.