Kabla mzee mstaafu hajameza mzizi wa iboga

Video za wanajeshi wa Marekani waliotibiwa kiwewe cha vita kwa aibogeini zimefika hadi simu za wastaafu wa Tabora, na familia zinauliza unga huo unapatikana wapi. Usiutafute. Aibogeini hutoka kwenye iboga, mmea wa Gabon na majirani zake, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Wanajeshi 30 wa utafiti wa Stanford, uliochapishwa Januari 2024, waliinywea Mexico, wakapewa na magnesi ya kulinda moyo. Muuza unga wa kwenye karatasi hana mashine ya kupima moyo.

MDMA, dawa nyingine iliyojaribiwa kutibu kiwewe, nayo haikuwa kidonge cha kumeza ukalale. Kwenye majaribio mgonjwa alikaa na washauri wawili takriban saa 8, mara tatu, kila mara baada ya wiki kadhaa, na katikati mazungumzo mengi. Hata hivyo mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa Agosti 2024. Hapa kwetu ni dawa ya kulevya kisheria.

Kinachotutia hofu zaidi ni tramadol, dawa ya maumivu. Wazee wengi wa mgongo na magoti wanaimeza, wengine pamoja na amitriptilini waliyoandikiwa kwingine ili wapate usingizi. Zote mbili huongeza serotonini, kemikali ya mishipa ya fahamu, mwilini. Ukitia MDMA juu yake, mtu anaweza kuchemka, kutetemeka, misuli ikakakamaa, akapata degedege. Hapo ni hospitali mara moja, usingoje asubuhi. Wala usimwachishe tramadol ghafla, maumivu na mahangaiko yatarudi kwa kishindo. Daktari huipunguza kidogo kidogo.

Weka pakiti zote kwenye mfuko mmoja, na mitishamba pia, mpeleke hospitali ya Kitete, uulizie kitengo cha afya ya akili. Wiki mbili kabla, andika kwenye daftari: saa aliyolala, mara alizoshtuka, maumivu kati ya 0 na 10, kidonge alichomeza. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko "mzee hajisikii vizuri". Tiba ya mazungumzo ya kiwewe ipo, na haihitaji aibogeini wala MDMA.

Akipiga kelele usingizini, usimshike bega: mkono wake unaweza kurusha ngumi kabla macho hayajafunguka. Washa taa, simama miguuni pa kitanda, mwite kwa jina la nyumbani: "Baba Neema, uko nyumbani, uko Ipuli." Rudia taratibu mpaka ajibu, ndipo umpe maji.