Jibu: Kwa nini sda imegeuka sdb

Ndugu, umeuliza kwa nini diski iliyokuwa /dev/sda jana leo inaitwa /dev/sdb, na kama imeharibika. Haijaharibika. Linux hugawa herufi ya mwisho ya jina (a, b na kuendelea) kwa kufuata mpangilio ambao kerneli, yaani kiini cha mfumo, imezigundua diski mashine inapowaka. Ukiacha flashi imechomekwa, au diski moja ikichelewa kuitika, herufi hubadilishana. Namba ya mwisho ni patisheni, yaani sehemu ya diski: sdb2 ni patisheni ya pili ya sdb.

Kwa hiyo usiandike sda1 kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine inapowaka. Endesha amri ya blkid, chukua UUID (kitambulisho cha kipekee) ya patisheni uandike hiyo. Haibadiliki mpaka ufomati upya. Na tafadhali sana, kabla ya kugusa dd, amri inayoandika data moja kwa moja juu ya diski, tazama orodha ya diski kwa amri ya lsblk ulinganishe ukubwa wa diski. Niliwahi kupoteza picha za familia kwa kuamini herufi ya jana.