Vernon Moore wa Lady Be Good

Ndugu, umeuliza ni nani wa Lady Be Good, ndege ya kivita ya Marekani iliyopotea katika Vita vya Pili vya Dunia, ambaye hajapatikana. Ni Sajini Vernon Moore, Mmarekani. Ndege yao hiyo, aina ya B-24 ya kudondosha mabomu, iliruka kutoka Soluch, Libya, tarehe 4 Aprili 1943 kwenda kushambulia Napoli, Italia. Usiku wakirudi wakapita kituo chao bila kukiona, wakaingia jangwani, mafuta yakawaishia, wakaruka kwa miavuli.

Wanane walikutana, wakatembea siku nyingi na maji yasiyojaa chupa moja. Shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, inaeleza yote, inaumiza kuisoma. Watano waliposhindwa, Moore, Shelley na Ripslinger waliendelea kuelekea kaskazini. Mwaka 1960 mabaki ya wenzake Moore wote yalipatikana. Yake hapana. Tafadhali mtaje kwa jina.